Risasi za Kasuku

Enoch Tapsell alisikia bunduki ya jirani yake ikiomba mashua, akaendelea kunywa uji.

Mto Hawkesbury ulikuwa umefurika tangu jana. Mashua pale bondeni ilikuwa moja tu, yake, na siku hiyo kutwa nzima alikuwa akitoa watu mapaani na kuwapandisha kilimani. Viganja vilikuwa vimechubuka kwa makasia. Aliyezingirwa na maji alipiga risasi hewani, naye Enoch akaifuata sauti. Ndivyo walivyokubaliana watu wote wa mtoni.

Lakini bunduki ya Jabez Orme ililia kila alfajiri, mafuriko yawepo yasiwepo. Kasuku weupe walikuwa wakimmalizia mahindi.

"Orme huyo," Keziah alimwambia mumewe.

"Namsikia. Anagombana na kasuku wake."

"Leo?"

"Huyo hata siku ya kiyama atawakimbiza. Jana nimemfuata, akaniambia nikabebe waoga wenzangu. Mkewe, Dorcas, alikuwa keshafunga kifurushi, akamrudisha ndani. Niache nimalize uji, mke wangu."

Bunduki ikalia tena. Keziah alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akitazama bondeni.

"Enoch. Mahindi yenyewe yako wapi?"

Kule chini yalikuwa maji matupu. Hata bua moja halikuonekana.

Aliweka bakuli chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kisha akakimbia.

Alipiga makasia kukata maji ya tope, akikwepa magogo, akapishana na lundo la ngano lililoelea na kuku wakiwa juu yake. Bunduki ilikuwa imenyamaza. Paa la Orme halikuwepo. Mwenyewe alikuwa amekumbatia tawi la mti, bunduki imening'inia shingoni.

"Dorcas yuko wapi?"

Orme alitazama mkono wa koti lake, uliochanika begani.

"Alikuwa ameshika hapa," alisema. "Baruti ikaanza kulowa. Akaniambia, piga tena, Tapsell anakuja. Tapsell hakosi."

Enoch alisogeza mashua chini ya tawi. Alimshusha, akamfunika gunia.

Maji yalipokauka walihesabu: nyumba, nguruwe wote, ngano ya mwaka mzima, na Dorcas Orme, ambaye mto haukumrudisha.

Mwaka uliofuata mahindi ya Orme yalistawi. Kasuku walishuka alfajiri, weupe kama nguo zilizoanikwa, wakala mpaka wakachoka. Enoch alikaa na bakuli lake, akisikiliza. Hakuna aliyepiga risasi.