Mvinyo Kwenye Supu ya Secondo

Ornella alikuwa ametandaza ramani ya Langhe, vilima vya mizabibu vya Italia, juu ya meza ya jikoni, anapanga Jumamosi ya wakwe. Wageni wenyewe walikuwa wanatoka Turin: mchumba wake Edoardo pamoja na wazazi wake, watu wa kunusa glasi kwanza, kuikodolea macho, halafu ndiyo wanywe tone moja. Walikuwa wameomba wazungushwe siku nzima kuonja mvinyo, na nani wa kuwaongoza kama si Ornella, aliyezaliwa katikati ya mizabibu? Tangu asubuhi alikuwa ameshachagua maghala matatu ya mvinyo, yote ya watu wenye majina makubwa.

Shangazi yake Pinuccia, aliyekuwa akikata tambi upande wa pili wa meza, alichungulia.

"Na kwetu mnaanzia au mnamalizia?"

"Kwetu wapi, shangazi?"

"Kwetu hapa. Au baba yako siku hizi anakamua maji badala ya zabibu?"

Ornella akajifanya anatafuta barabara. Jambo lilikuwa limemkaa kooni tangu Krismasi. Siku ile, mbele ya mama yake Edoardo, baba yake mwenyewe, Secondo, alichukua chupa, akamimina mvinyo mwekundu kwenye supu yake mpaka ikageuka zambarau, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa kwa kelele za raha. Ndivyo babu alivyokunywa, na pale kilimani hakuna mzee asiyekunywa hivyo. Lakini mama yake Edoardo aliweka kijiko chini, akacheka kidogo puani. Ornella alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha, ili asionekane mtoto wa mzee yule, naye akacheka.

"Siku ni fupi, shangazi. Hatutaweza kufika kote."

"Fupi? Mwezi wa sita huu. Jua linazama watu wameshachoka kulisubiri."

Mlango wa uani ukafunguka. Secondo aliingia na karai la glasi alizotoka kuziosha bombani, shati limelowa hadi tumboni. Zilikuwa zile glasi nyembamba za harusi yake, ambazo hazikuguswa tangu mkewe afariki.

"Ghala nimelipaka chokaa," alisema. "Sungura nimewahamishia nyuma, wasije wakawanukia watu. Sasa niambie, wageni wako watafika kwangu saa ngapi?"

Pinuccia alirudi kwenye tambi zake.

"Baba, wao... wamechagua wenyewe," Ornella akasema. "Wanataka mahali palipozoea wageni."

Ulikuwa uongo, tena uongo mchovu, na wote watatu waliujua. Secondo aliweka karai chini taratibu, akafuta mikono, akaiinamia ramani. Kidole chake kinene kilifuata mstari wa kalamu kutoka ghala la kwanza hadi la pili, kikasimama katikati.

"Barabara hii inapita mbele ya geti letu."

"Ndiyo, baba."

"Basi nitalifunga. Na mbwa nitamfunga huko nyuma, asibweke. Wakiniulizia, sema nimekwenda kwa ndugu yangu kule Cuneo."

Alisema bila hasira hata chembe, kama mtu anayesaidia kazi. Heri angegomba. Ornella akaikunja ramani, na alivyoikunja vibaya akaikunjua tena.

Jioni walikula supu ya tambi za Pinuccia. Chupa ilikuwa mahali pake, karibu na mkono wa Secondo. Hakuigusa. Alichukua kijiko, akanywa supu kidogo kidogo, mgongo umenyooka, mdomo haupigi kelele, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba ya watu. Pinuccia alimtazama kaka yake, kisha akamtazama Ornella.

Uso wa Ornella uliwaka. Aibu ya Krismasi alikuwa ameletewa na mtu mwingine. Hii ameipika mwenyewe, na sasa ilikuwa imekaa mezani inakula naye. Alinyoosha mkono, akaivuta chupa, akaanza kuiinamisha juu ya bakuli lake.

Secondo akalifunika bakuli kwa kiganja.

"Usifanye hivyo, mwanangu," alisema kwa upole. "Utazoea, halafu Jumamosi utajisahau mbele yao."