Fakihi wa Shimoni

Mzee Idd alikianza kitabu kimoja cha fiqhi, elimu ya sheria za dini, ujanani, Tanga, mbele ya Maalim Mwinyikombo, akaja Ulaya kabla hawajakikhitimisha. Sasa anakaa Husby, Uswidi, mashine ya hospitali ndiyo inayomsafishia damu, na safari ya mbali madaktari wameikataza. Maalim naye umri umekwenda. Haja ya Idd ilikuwa moja tu: amalizie milango ya kitabu iliyobaki, apate ijaza, idhini ya mwalimu kwamba kitabu amekipokea kwake. Lakini kila alipoomba wasome kwa simu, maalim alikataa. Elimu, alisema, hupokewa goti kwa goti.

Binti wa Idd, Lina, alisoma historia chuo kikuu. Alikuwa na haya nyingi, na baba akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi. Jumamosi hiyo alimkuta babake ametandika mkeka sebuleni, kanzu imepigwa pasi, amekaa kwa adabu mbele ya simu, akikataliwa tena. Roho ikamuuma. Akaketi kando yake.

"Shikamoo, maalim. Mimi Lina, wa Idd."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe Kiswahili unacho. Babako ananilalamikia kwamba umekimeza."

Lina akacheka kidogo, akaomba ruhusa ya kuuliza. Akamkumbusha habari za fakihi mmoja wa kale, mwanazuoni wa sheria, ambaye husimuliwa kwamba mtawala alimtupa shimoni kwa neno la haki. Humo gizani, bila kitabu, aliwasomesha wanafunzi kutoka kichwani, nao wamekaa juu ukingoni wakiandika.

"Hawakukaa naye goti kwa goti, maalim. Hata uso hawakuuona. Elimu yao ilikuwa batili?"

Idd akainamisha kichwa, akingoja kukemewa.

"Idd," maalim alisema hatimaye, "huyu umemlea kwenye theluji au madrasa?" Kisha sauti ikalegea. "Wale walifika mpaka mwisho wa uwezo wao, wakakaa hapo. Nawe umefika. Haya, soma. Ila mlango wa mwisho tusiuguse. Huo utausomea hapa kwangu, ukija."

Idd akamtazama bintiye. Wote wawili walijua kwamba hakuna kuja.

"Inshallah, maalim," akajibu.

Akafunua kitabu, akaanza. Alisoma polepole mno, na kila maalim alipomwambia aendelee, aliomba kwanza arudie mstari uliopita, asije akaufikia upesi mlango ule wa mwisho.