Matairi ya Isbrand

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kigari cha wahubiri hakikupiga kelele. Farasi niliwasikia, lakini kigari chenyewe kiliingia uani kimya kama paka, kwa sababu kilitembelea matairi manne ya mpira, mapya kabisa, bado yana vile vinyweleo vya kiwandani. Wahubiri wawili wakashuka, wakajikung'uta vumbi, wakaingia ndani kumkemea kaka yangu kwa kufunga matairi ya mpira kwenye trekta.

Mtu wa nje anaweza kucheka. Sisi Wamenonaiti wa koloni, Wakristo tuliojitenga na dunia huku Chihuahua, Meksiko, hatucheki, kwa sababu tunaelewa. Mpira chini ya kigari ni unyenyekevu, maana farasi hafiki mbali. Mpira chini ya trekta ni dunia. Trekta lenye mpira linaweza kukimbia hadi mjini, na mjini kuna redio na aiskrimu, na mtu akishazoea aiskrimu wokovu wake unakuwa mashakani. Kwa hiyo wazee wetu waliamua trekta litembee kwa magurudumu ya chuma yenye meno. Uamuzi huo tumeushika kwa uaminifu kuliko jambo lolote tulilowahi kuamriwa, pamoja na lile la kupendana.

Kaka yangu Isbrand alikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyelima. Chuma kilimtikisa asubuhi hadi jioni mpaka akaanza kukojoa damu. Daktari wa mjini alimwambia figo zake hazitavumilia msimu mwingine wa namna hiyo. Basi akafunga matairi. Kanisani walikuwa wameshamwonya mara moja. Ziara hii ilikuwa onyo la pili, na la tatu halipo: asipoyatoa, Jumapili anatengwa. Aliyetengwa haruhusiwi kula meza moja na waumini, hata kama muumini huyo ni mama yake mzazi, na maziwa yake hayapokelewi kwenye kiwanda cha jibini. Mama aliyajua hayo yote. Ndiyo maana siku hiyo alifungua jamu ya plamu, ile ya harusi.

"Karibuni kahawa, wahubiri," alisema.

Mhubiri Banman, aliyekuwa mkubwa wao, aliketi mahali alipokuwa akiketi baba. Mwenzake, Mhubiri Wall, alikuwa mtu wa mbegu za alizeti. Alizitia kona moja ya mdomo na maganda yakatokea kona nyingine, na katikati hapo hakuna neno lililotoka. Mimi nilisimama karibu na jiko na birika mkononi, mahali pangu pa siku zote.

"Isbrand," Mhubiri Banman alianza, "unajua tumekuja kwa upendo."

"Najua, Mhubiri. Hata mara ile mlikuja nao."

"Usinifanyie mzaha, kijana."

"Sifanyi mzaha. Nakojoa damu."

Mhubiri Wall aliacha kutafuna. Sidhani ilikuwa kwa huruma. Ni kwamba neno lile lilitamkwa mbele ya jamu.

"Babu zetu walilima miaka yote," alisema Mhubiri Banman. "Kwani wao hawakuwa na figo?"

"Babu walilima kwa farasi, mzee wangu. Trekta hata hawakuliona."

"Unaona kiburi hicho?" Mhubiri Banman alimgeukia mwenzake. Mhubiri Wall alitikisa kichwa, alikuwa amekiona. "Leo unaweka mpira. Kesho unanunua gari. Keshokutwa binti zako wanavaa suruali."

"Sina binti, Mhubiri. Hata mke sina."

"Na kwa mdomo huo hutampata."

Mama alicheka kidogo, akaongeza jamu kwenye sahani ambayo haikuwa imepungua. Nadhani alitumaini kwamba watu wakishataniana hawawezi tena kutengana.

"Yatoe tu, mwanangu," alisema. "Shamba nitalima mimi."

"Utalimaje, mama? Wewe hata jogoo anakufukuza."

"Yule jogoo ana matatizo yake."

Kisha Isbrand akaweka mikono miwili mezani. "Mhubiri, naomba kuuliza jambo moja, unieleweshe tu. Yesu angesema nini kuhusu figo zangu?"

Nilikuwa nimeshamimina kahawa mara tatu, na jina hilo lilikuwa halijatajwa hata mara moja. Mhubiri Banman aliteremsha kikombe chake polepole, kama mtu aliyetukanwa lakini ameamua kuvumilia.

"Isbrand, tafadhali. Usimwingize Yesu humu. Haya ni mambo ya kanisa."

Hakuwa anatania. Mhubiri Wall aliitikia kwa kichwa. Mimi nilitazama birika. Shule niliiacha nikiwa bado kwenye katekisimu, kabla ya kufika darasa la Agano Jipya, kwa hiyo nilijiambia pengine huko mbele ndiko yalikoandikwa mambo ya matairi.

"Basi siyatoi," alisema kaka yangu.

"Si sisi tunaokutoa, ujue. Ni utaratibu."

Wakamaliza mikate, wakamshukuru mama, wakaondoka bila kelele.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake tulirudishwa nyumbani na wanaume wakabaki kuamua. Mwaka uliopita walijadili rangi ya uzio wa kanisa kwa wiki mbili. Kumtoa kaka yangu kulichukua muda wa viazi kuiva. Najua kwa sababu viazi nilivichemsha mimi.

Mama hakulia. Alikwenda stoo akaivuta ile meza ndogo ya kukatia tambi, akaiweka kando ya meza kubwa, akaacha pengo la vidole viwili. Halafu akatandaza juu yake kitambaa kirefu kuliko vyote alivyonavyo, kikazifunika meza zote mbili. Isbrand alipoingia, alisimama mlangoni akatazama.

"Kaa pale," mama alimwambia, akimwonyesha upande wa meza ndogo. "Meza ni mbili. Kitambaa ni kimoja, na kuhusu kitambaa hakuna aliyeniambia kitu."

Isbrand alikaa. Alimkamata mama mkono, akauachia haraka, kwa kuwa hakujua kama nao umekatazwa.

Saa ya kahawa ya alasiri, Isbrand akiwa tena kwenye meza yake ndogo, Mhubiri Banman akaja, peke yake, kwa upendo. Hakusalimia kwanza. Aliinua ncha ya kitambaa, akainama kwa shida akishika kiuno, akaingiza vidole viwili kati ya meza na meza. Vikapita. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata kondoo wake aliyepotea.

"Pengo lipo," alisema. "Mama, Bwana anauona uaminifu wako."

"Asante, Mhubiri," mama alisema, akamkatia mkate.

Akaketi upande wetu, akatutaka tuinamishe vichwa. Akaomba kwamba Yesu aje akae nasi mezani, awe mgeni wetu. Aliomba vizuri, kwa sauti nzito, bila haraka. Alipofumbua macho alinitazama mimi.

"Neta, mbona wewe husemi neno? Vizuri. Binti mkimya ni pambo la nyumba. Pentekoste hii unabatizwa, sivyo?"

"Ndiyo, Mhubiri," nilisema, nikammiminia kahawa.

Sikusema zaidi ya hapo. Nilichotaka kusema ni hiki. Mhubiri, ulipomkaribisha Yesu, nilifungua macho nikatafuta angekaa wapi. Upande wetu viti vilijaa. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, kando ya kaka yangu. Kama alikuja, alikaa huko, na ninyi mmeshamtenga yeye pia. Mimi sitaki kubatizwa upande ambao yeye hayupo.