Taa ya Njano Kifuani mwa Fundi

Jumanne saa nne asubuhi fundi alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani wa gari dogo la mkunga, na mashine ikatoa namba moja tu, ya presha ya breki kuwa chini. Akaingia uvunguni. Mpira wa breki wa gurudumu la nyuma ulikuwa umechoka, unatoa jasho la mafuta. Mpya ulipatikana ng'ambo ya mji, jua lilikuwa kali, na mkunga alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, anasubiriwa na mzazi mwenye uchungu. Fundi akaongeza mafuta ya breki, akabonyeza "Futa", na taa ya njano kwenye dashibodi ikazimika.

"Tayari, mama. Gari zima kabisa."

"Mungu akuzidishie, mwanangu," mkunga alisema. Mikono yake ndiyo iliyompokea fundi alipozaliwa, na hadi leo kila akimwona humtazama vidole, kama anahakikisha vimetimia.

Alhamisi fundi alipovua shati ili akaoge, taa ileile ilikuwa inawaka kifuani mwake, upande wa kushoto, na mchoro wake wa mabano na alama ya mshangao. Chini ya mbavu palikuwa na kitundu cha pini kumi na sita, kama kile cha kuchomekea mashine chini ya usukani. Mkewe aliipangusa taa kwa ncha ya taulo.

"Afadhali ni ya njano," alisema. "Nyekundu ingenikosesha usingizi."

Haikuuma. Ilipenya shati, ilipenya ovaroli, na mkewe akaizoea upesi. Sindano ikimpotea chini ya kitanda, alimwita mumewe ainame. Gereji wateja walimpa pole ya kazi, wakaendelea na habari za magari yao. Fundi peke yake ndiye aliyejua imetoka wapi, na kujua huko kulimtafuna. Chakula alikiacha nusu. Kila aliposikia gari likiteremka mlima wa zahanati ya mkunga, spana ilibaki hewani mpaka lifike chini.

Ijumaa alivuka mji akanunua mpira mpya. Ukakaa rafuni ndani ya nailoni yake. Kuufunga ilikuwa kazi ya nusu saa. Kusema ndiko kulikomshinda, kumwambia huyu aliyempokea duniani kwamba alimpandisha kwenye gari bovu huku akijua.

Jumatatu mkunga alipita kumjulia hali. Fundi akautoa mpira rafuni, akaushika nyuma ya mgongo.

"Nimesikia umewaka, mwanangu. Pole."

"Nimeshapoa, mama. Gari je?"

"Halina neno. Siku hizi breki naikanyaga mara mbili ndipo inashika, lakini taa haiwaki, kwa hiyo najua ni miguu yangu tu imezeeka."

Fundi akafungua mdomo. Mkunga alimsogelea, akaigonga ile taa kwa kidole, taratibu, kama anavyogonga tumbo la mjamzito.

"Na hii si uifute tu, kama ulivyonifutia yangu?"

"Nitaifuta, mama," alisema.

Mkunga alipoondoka, fundi akaurudisha mpira rafuni. Akapandisha shati, akachomeka mashine chini ya mbavu. Namba ikaja ileile. Mashine ikauliza kama anataka kufuta, haikuuliza kingine. Akabonyeza, na kifua kikawa giza.

Jioni mkewe alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Basi niletee tochi."

Tochi ilikuwa dirishani. Huko nje gari dogo lilikuwa linateremka mlima, na fundi akasimama kulitazama. Taa zake za breki ziliwaka, zikazimika. Zikawaka, zikazimika. Zilipowaka mara ya tatu, gari likapunguza mwendo.

Akampelekea mkewe tochi.