Siku Mama Alipokubali Kupigwa Picha

Mkanda wa kwanza wa picha ulitoka umefubaa, na Bi Mkanda akajilaumu mwenyewe. Alidhani dawa imeharibika, au maji yalikuwa ya moto kupita kiasi, au basi ni uzee umeanza kubisha hodi vidoleni. Chumba chake cha giza kilikuwa bafu la nyumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi zito. Akauning'iniza mkanda kwenye kamba, akawasha taa, akausogelea mpaka pua ikakaribia kuugusa. Kila picha ilikuwa imepitiwa na mawimbi ya kijivu, kuanzia mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Pale alipotarajia kumkuta mama yake amekaa dirishani, alikuta kiwiliwili cha ukungu kisicho na macho wala mdomo.

Akasafisha wa pili. Hali ile ile. Wa tatu hakuwa na moyo wa kuuangalia, aliutundika tu akatoka kwenda kunywa maji.

Jina la Bi Mkanda alibandikwa na wenzake kwa utani, naye akalivaa bila kinyongo. Wenzake wote walishahamia kwenye dijitali, wanapiga picha mia kabla ya chai na kuzituma kabla ya chakula cha mchana. Yeye bado alisafiri na vikopo vyake vya chuma vilivyojaa mikanda, akipiga picha za kalenda na za kuta za mahoteli. Wateja wake walikuwa wanapungua, lakini waliobaki walimng'ang'ania. Walisema picha zake zina kitu. Kitu gani, hawakujua kukisema, na yeye hakuwasaidia.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mpiga picha wa safari vilevile, ila wa dijitali, na wa dijitali mpaka kwenye mifupa. Walipokutana ilikuwa ni kurushiana vijembe tu.

"Dada, wewe unapiga leo, unaiona wiki ijayo. Mimi napiga, naangalia, nafuta, napiga tena. Nani mjinga hapo?"

"Mjinga ni yule anayekodolea macho kioo cha kamera wakati mlima wenyewe uko mbele yake," Bi Mkanda humjibu. "Halafu mimi nikipiga, mtu anajua nimempiga. Wewe unampiga mara arobaini, hajui hata ni ipi uliyoitaka."

"Na ikitoka mbaya?"

"Ikitoka mbaya, ni mbaya. Ndiyo maana najitahidi."

Ugomvi huo hauna mshindi mpaka leo. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo wote wawili liliwashinda, na hilo lilimkaa Bi Mkanda kooni: mama yao hakubali kupigwa picha. Katika picha zote za familia, mama ni mkono ulioshika sinia, au mgongo unaotoka mlangoni. Kwenye kitambulisho ameukunja uso kama mtu anayesubiri sindano, na yeye ndiye aliyekuwa akiwadunga watu sindano, maana alikuwa mkunga maisha yake yote. Bi Mkanda alikuwa na sura za wageni wa kila nchi kwenye kabati lake. Ya mama yake hakuwa nayo. Watu walipomuuliza, "Na mama yako ni yupi hapa?" alikuwa akibadilisha mazungumzo, na kila mara iliuma.

Basi mama alipostaafu akasema anataka kuiona tena hospitali aliyosomea ukunga, huko nyanda za juu, nchi ya mbali. Wakaenda watatu. Bi Mkanda alichukua mikanda mizuri kuliko yote, ile inayoona hata penye mwanga hafifu. Hakumwambia mtu anachokitaka. Alitaka picha moja tu.

Sasa, kila anayesafiri na mikanda analijua hili kama anavyolijua jina lake: zile mashine mpya za kukagua mizigo kwenye viwanja vya ndege zinaua mikanda. Ukiipitisha humo imekwisha, na kwa macho huwezi kujua mpaka uje uisafishe. Dawa yake ni kumwomba askari wa ukaguzi aiangalie kwa mkono. Siku ya kuondoka, Bi Mkanda alikuwa anamsukuma mama, ambaye miguu yake haiwezi foleni ndefu, kwenye kiti cha magurudumu kupitia mlango wa pembeni. Begi la mikanda akamkabidhi mdogo wake.

"Usiipitishe kwenye mashine. Mwambie askari aikague kwa mkono. Umenisikia?"

"Dada, na mimi ni mpiga picha."

Jibu hilo lilimtosha. Nani mwingine angemwamini, kama si mtu wa kazi moja na tumbo moja?

Na huko walikokwenda, maajabu yakatokea. Wodi ya zamani ya wazazi ilikuwa imegeuzwa stoo ya vitanda vibovu. Mama aliingia, akatazama huku na huku, akakaa kwenye kitanda kimoja cha chuma karibu na dirisha. Akakilegeza kitambaa chake cha kichwa.

"Haya," akasema. "Njoo unipige hiyo picha yako."

Bi Mkanda nusura aangushe kamera. Hakuuliza kwa nini, alikuwa anaogopa swali lingemzindua mama. Akasogea, akapiga. Mama akaanza kusimulia habari za mtoto wa kwanza aliyempokea humo humo, jinsi alivyoogopa kuliko mama mzazi mwenyewe, jinsi mkunga mkuu alivyomcheka. Akacheka na yeye. Akafuta machozi kwa kiganja, akaendelea. Uso wote ulikuwa wazi, haujafunga hata kidirisha. Bi Mkanda alimaliza mkanda, akaweka mwingine, akamaliza na huo, anatabasamu nyuma ya kamera. Mdogo wake alikuwa ameitia kamera yake begini na kutoka nje. Kumbe ana adabu, Bi Mkanda alifikiri, na akampenda kwa hilo.

Wakati wa kurudi, begi alilibeba mwenyewe. Askari wa ukaguzi alikuwa mbishi, na Bi Mkanda akawa mbishi zaidi yake. Aliongea mpaka sauti ikamkauka. Watu wa foleni wakaanza kuguna. Mkubwa wa askari akaitwa, vikopo vikafunguliwa kimoja kimoja, vikakaguliwa kwa mkono, vikarudishwa. Mama na mdogo wake walikuwa pembeni wakimtazama, kimya. Alipita mbele yao kichwa juu, begi kalikumbatia kifuani.

Na sasa bafuni kwake kulining'inia ukungu mtupu.

Alirudi baada ya kunywa maji, akafanya ambacho angefanya fundi yeyote asiyetaka kujidanganya. Alichukua mkanda aliosafiri nao, ukaenda na kurudi bila kuingia kwenye kamera. Akachukua na mwingine ambao haukuwahi kutoka kwenye droo ya nyumbani. Akaisafisha yote miwili pamoja, dawa moja, maji mamoja. Wa droo ulitoka safi kabisa. Wa safari ulitoka na mawimbi ya kijivu.

Si dawa, basi. Si mikono yake. Wala si kamera. Na kurudi, vikopo vilikaguliwa kwa mkono akiviona kwa macho yake. Akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akashika tama. Ilibaki safari ya kwenda, begi likiwa mikononi mwa mdogo wake.

Kwa mama alifika na begi la kamera begani, jasho linamtiririka. Mdogo wake, ambaye bado aliishi hapo, alikuwa amefungua feni ya mezani na kutandaza skrubu zake kwenye gazeti. Mama alikuwa kwenye kochi anakunja nguo zilizoanuliwa.

"Begi langu lilipita kwenye mashine," alisema Bi Mkanda. Salamu hakutoa.

Mdogo wake akaiweka chini bisibisi.

"Lilipita."

"Mara moja?"

"Askari alisema weka, weka, foleni ndefu. Nikaweka. Vile vikopo vyako vya chuma vikamchanganya, akalirudisha. Akalirudisha tena." Akajikuna shingo. "Nilikuwa naongea na simu, dada. Nilipozinduka lilishapita."

"Ukaniona napiga picha safari nzima."

"Niliona haya."

"Haya! Kule si kuna maduka? Ningenunua mikanda mingine. Ningekuomba hata hiyo kamera yako, na ungenicheka mpaka uchoke, ningevumilia. Neno moja tu! Kwa nini hukuniambia?"

Alimtazama mama, mara moja, haraka, kisha akarudisha macho kwenye skrubu zake. Lakini Bi Mkanda alikuwa anaishi kwa kudaka mitazamo ya namna hiyo.

"Mama?"

Mama alikuwa anakunja foronya. Akamaliza kuikunja, akaipiga pasi kwa kiganja.

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Alikuja kuniambia pale pale tulipokuwa tunasubiri ndege, ulipokwenda msalani. Nikaona ukijua utalia safari nzima, nasi tulie nawe. Mambo ya picha tu hayo, mwanangu."

"Mlinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wote wawili." Sauti ilianza kumtoka vipande vipande. "Kule uwanjani nilikuwa nagombana na yule askari, nachekwa na watu, napigania takataka, na nyinyi mko pembeni mnanitazama! Hakuna hata mmoja wenu aliyenionea huruma?"

"Nilitamani kukwambia, dada. Wallahi."

"Nyamaza wewe."

Alikuwa amegeuka kuondoka. Mkono uko mlangoni. Ndipo wazo likamjia, na likaja zima zima, na angelipa chochote lisije. Akarudi, akasimama mbele ya mama.

"Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nimeshakwambia nilijua."

"Na siku ile wodini, ulipokaa kitandani ukaniita, ulikuwa unajua."

Mama hakuchukua nguo nyingine.

"Ndiyo maana ulikubali?"

"Dada, acha basi," mdogo wake akasema.

"Namuuliza mama yangu."

Mama alimwangalia muda mrefu. Hakuwa mwongo, hilo tumpe haki yake. Alikuwa mtu aliyezoea kuwaambia watu mambo magumu wakiwa wamelala chali.

"Nilijua haitatoka," akasema. "Tangu ukiwa msichana unaniomba, na mimi moyo wangu haupendi. Kubaki kwenye karatasi, mtu ananitazama na mimi simwoni, siwezi. Basi pale nikasema, leo naweza kumpa anachotaka na nisitoe nisichotaka. Ukafurahi. Nilikuona ulivyofurahi! Hata mimi nilifurahi. Ubaya uko wapi?"

Maneno yale yalimkata maini. Uzembe wa mdogo wake angeweza kuumeza, hata kimya chake angeweza kukimeza siku moja, ni mtoto wa mwisho, amelelewa kusitiriwa. Lakini ile siku ya wodini alikuwa ameirudia kichwani kila asubuhi tangu warudi. Alikuwa amejiambia, hatimaye mama ameniamini. Kumbe alikuwa ametulizwa tu, kama mtoto mdogo anayepewa simu mbovu aishike anyamaze, na yeye akaibonyeza, akaongea nayo, akacheka peke yake.

Akamgeukia mdogo wake, kwa sababu kumwangalia mama kulimshinda.

"Na wewe hukupiga hata moja? Wewe unayepiga picha hata sahani kabla hujala?"

"Mama alinikataza." Aliinamisha kichwa. "Alisema yangu ingetoka."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, ufagio unakwaruza saruji. Bi Mkanda alilia, akalia waziwazi kama asiye na umri wake, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Basi lete kamera," mama akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imepungua. "Nimekaa hapa. Mkanda mzima si unao? Piga sasa, yaishe."

Alikuwa nao. Hakutaka, lakini mikono yake ilishaanza kuuweka kwenye kamera. Akasogeza kochi kidogo lipate mwanga wa mlango. Mama akaweka mikono magotini, akanyoosha mgongo. Bi Mkanda akainua kamera jichoni.

Uso ulikuwa umefungwa. Taya limekazwa, macho yamekodoka, midomo mstari mmoja.

"Legeza uso, mama."

"Nimeulegeza."

"Nisimulie tena yule mtoto wako wa kwanza."

"Alizaliwa. Alikuwa mzima."

Alisubiri. Alijua kusubiri, ndiyo kazi yake. Aliona jinsi mama anavyojitahidi, mshipa umesimama shingoni, na jinsi juhudi yenyewe inavyozidi kuufunga uso. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakikushuka.

Akaiteremsha kamera. Akaitia begini, akafunga zipu.

Hapo hapo mama akashusha pumzi. Mabega yakalegea, macho yakarudi mahali pake, na uso wote ukafunguka, laini, wenye haya na huruma, unamtazama mwanawe moja kwa moja. Bi Mkanda akaangalia sakafu. Uso ule hakutaka kupewa tena namna hiyo, pale tu usipoweza kubaki. Akatupia begi begani, akapita katikati ya skrubu za feni, akatoka, na mama alipomwita hakugeuka.