Siku Niliyokataa Kutoka Majini

"Usitoke, shoga," Jokha alininong'oneza, akanishika mkono chini ya maji. "Akitaka kusema, aseme huko huko."

Nje ya ua wa mbao alikuwa amesimama Abdisamad, mdogo wake marehemu mume wangu Tahlil, na bahasha mkononi. Alishanieleza kwenye simu ina nini: barua ya kuirudisha kwa halmashauri nyumba waliyonipangisha hapa Newtown, ughaibuni, imeshaandikwa, imebaki saini yangu tu. Nikisaini, ningehamia chumba cha juu nyumbani kwake Washwood Heath, nikae nitulie kama mjane mwenye heshima.

Kosa langu? Kuteleza! Tangu asubuhi mimi na Jokha, jirani yangu Mzanzibari, tulikuwa kwenye kile kilima kilichotandikwa zulia la plastiki badala ya theluji, skii, zile mbao ndefu za kutelezea, miguuni, kofia ngumu juu ya hijabu. Nina miaka hamsini na tisa, na nilianguka mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilifika chini nimesimama wima, nikapiga kigelegele mpaka mwalimu akaacha kazi yake kunitazama. Mtu akanipiga picha, na kabla sijavua viatu ilikuwa imeshazunguka ukoo mzima, hadi Garissa.

Jioni magoti yaliwaka moto. Jokha ana beseni kubwa la kujazwa upepo, lile la maji moto yanayotoa mapovu, na kwa kuwa yeye anakaa ghorofani, tulikuwa tumeliweka kwenye bustani yangu. Tuliingia na mavazi yetu ya kuogelea, tukajilaza. Wallahi, tangu Tahlil afariki sikuwa nimepumzika vile.

"Shemeji Rahmo," Abdisamad akaita, "toka tuzungumze. Watu wanatucheka."

Miaka thelathini nimekuwa nikiitwa, naitika, nainuka. Nusura niinuke hata siku ile, mkono ulikuwa umeshashika ukingo.

Lakini mbona haingii? Lango halikufungwa. Haingii kwa sababu wanawake wanaoga, na mtu wa msikitini kama yeye hathubutu. Heshima aliyokuja kunifunga nayo ndiyo iliyomweka nje.

"Shemeji," nilijibu, majirani wakisikia, "ukitaka saini, ilete mwenyewe hapa kwenye maji."

Jokha alijiziba mdomo.

"Basi nitangoja," akasema.

"Ngoja. Maji bado yana moto."

Alingoja mpaka mvua ikaanza, mpaka magharibi ikakaribia, akaondoka kuwahi msikiti. Mimi nikatoka vidole vimekunjamana, nikafunga lango, nikalia kidogo, nikala sambusa nne.

Ile barua sijaiona tena. Huu mwaka wa tatu, nyumba ni ile ile, na siku hizi nateleza bila kushikwa mkono. Abdisamad haji bila kupiga simu kwanza.

"Shemeji," huuliza kwa adabu, "uko ndani ya maji?"

Humjibu nimo, hata nikiwa jikoni.