Makazi Kumi na Moja ya Delmar Haugen

Delmar Haugen alikuwa ameshatembelea makazi kumi na moja ya wastaafu katika jangwa la Arizona, na yote aliyaandika kwenye daftari la kijani. Miaka thelathini na minne alikuwa mnunuzi wa wilaya ya shule kule Minnesota: madawati, mabasi, maziwa ya watoto. Hakuwahi kununua kitu kwa muuzaji wa kwanza, na hilo alijivunia kuliko hata nyumba aliyoijenga. Mtu wa namna hiyo ukimwambia achague mahali pa kuzeekea, umempa kazi isiyokwisha.

Mkewe Arlys alimwita Bwana Daftari. Mwanzoni ilikuwa utani mtupu. Kila majira ya baridi walipokimbia theluji na kupanga nyumba huku kusini, wiki zao ziliishia kwenye vigari vya gofu vya mawakala wa mauzo. Delmar alikaa mbele, ubavuni kwa wakala, amhoji vizuri: bwawa lina joto kiasi gani, karakana ya useremala inafunguliwa saa ngapi, kamati ya wakazi inaruhusu ua wa rangi gani. Arlys alikaa nyuma, kofia mkononi, akitazama nyumba za rangi ya mchanga zikipita, zote sawa, kila moja na mti wake mmoja na kokoto zake mbele.

Miaka minne iliyopita, Arlys alikuwa ameshachagua. Palikuwa mahali paitwapo Tabitha Court, pa tatu katika orodha, pa kizamani kidogo, na kanisa dogo la Kilutheri na ukumbi wa chakula unaonuka kahawa. Hapakuwa na uwanja wa gofu. Kulikuwa na sheria moja iliyomfurahisha. Mume na mke wakiingia wote wawili wakiwa wazima, hawatenganishwi tena. Mmoja akianza kusahau, huhamia bawa la pili la jengo, la matunzo, mwenzake hubaki ng'ambo ya ukumbi, na wanakula pamoja mpaka mwisho. Lakini lazima uingie mzima. Muuguzi hukupima akili mlangoni, na ukishindwa, hupokelewi.

Arlys alimuuguza mama yake miaka sita, mama ambaye mwishoni alimwita kwa jina la mbwa. Alijua anachokitafuta.

"Hapa panatosha, Delmar," alimwambia siku ile kwenye maegesho. "Tutie saini tukiwa bado tunajijua."

"Hapa ni pa wazee, bibie. Mbona wewe unataka kunizeesha?"

"Una miaka sitini na tisa. Ulifikiri wewe ni nani?"

Alicheka, naye akacheka. Akaandika kwenye daftari: *chakula kizuri, hakuna karakana, turudi baadaye*. Halafu wakaenda kuona pa nne.

Ninaposema alimpenda mkewe, sisemi kwa kumpamba. Alimpenda sana, na bado alipoteza miaka minne akipima urefu wa mabwawa. Alikuwa na woga, na woga wake ulivaa nguo za uangalifu, kwa hiyo hakuna aliyeugundua, hata yeye mwenyewe. Mbele ya mabwawa na viwanja vya mpira wa vibao, miongoni mwa watu wa miaka themanini waliovaa kaptula na kupigana vijembe juu ya magoti yao, kifo kilionekana jambo la watu wengine. Alitaka kununua hisia hiyo. Alikuwa tayari kulinganisha milele, mradi siku ya kutia saini isifike.

Daftari likabaki na majina mawili, Tabitha Court na Saguaro Bend. Saguaro Bend ndiko moyo wake ulikokuwa. Kulikuwa na karakana yenye mashine mpya, dansi kila Alhamisi, na kanuni kwamba hakuna mkazi chini ya miaka hamsini na mitano. Matunzo ya wagonjwa hayakuwapo kabisa. Ukiugua, unaondoka. Wakala aliligusia hilo haraka haraka, akiwa anaonyesha sauna.

Februari walipewa huko nyumba ya kujaribia, kwa siku tatu, na kigari chao. Asubuhi ya pili Arlys alitoka kutembea, na saa nzima ikapita. Delmar alimkuta nyumba ya tano upande wa kulia, jikoni kwa watu wasiowajua, akiosha vyombo vyao vya kifungua kinywa. Wenye nyumba walisimama mlangoni na vikombe vyao, wakitabasamu kama watu wanavyotabasamu wakiwa hawajui waite nani.

"Umechelewa," Arlys alimwambia bila kugeuka. "Chukua kitambaa ukaushe."

Akachukua kitambaa, akakausha. Wale watu walikuwa waungwana sana. Walisema nyumba zote zimefanana, hata wao hukosea. Lakini jioni, bwawani, kila Delmar alipokaribia, mazungumzo yaligeuka yakawa ya hali ya hewa. Hapo ndipo alipoanza kuyahesabu yale yote aliyokuwa ameyapuuza: sufuria zilizoungua, maswali ya mara tatu, kofia iliyokutwa ndani ya friji. Yalikuwa ya miaka miwili. Alikuwa ameyaona yote, na hakuna hata moja aliloliandika kwenye daftari.

Akapiga simu Tabitha Court kesho yake. Wakampa nafasi ya kipimo baada ya wiki tatu.

Wiki zile tatu alimfundisha kama mwanafunzi wa mtihani. Alijua kipimo huwa na nini. Kila asubuhi, kabla ya mayai, alimpa karatasi ya kufutia mikono na kalamu. Chora uso wa saa. Weka nambari zote. Mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mwanzoni nambari zilirundikana upande mmoja, na Arlys aliitazama kazi yake kwa aibu, akajua kuna kosa lakini asijue liko wapi. Delmar alimfundisha aanze na kumi na mbili, kisha sita, kisha tatu na tisa. Mshale mfupi kwenye kumi na moja, mrefu kwenye mbili. Wiki ya tatu aliichora bila msaada, ya mviringo mzuri, akampelekea kama mtoto anavyopeleka mchoro wake. Delmar alikwenda bafuni, akafungulia maji, akalia.

Siku yenyewe alimvalisha blauzi ya bluu. Muuguzi aliitwa Marisela Quijada, mwanamke mnene wa sauti ya chini, naye alimwambia Delmar anaweza kukaa pembeni, ila asiseme neno wala asitoe ishara.

Arlys alichora saa. Kumi na mbili, sita, tatu, tisa. Mishale ikakaa mahali pake. Muuguzi akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Delmar alihisi kitu kifuani kikilegea kwa mara ya kwanza tangu Februari. Aliona meza yao ya wawili kwenye ule ukumbi unaonuka kahawa. Aliona ng'ambo ya ukumbi. Aliapa moyoni kwamba daftari atalitupa leo hii, kabla hata ya chakula cha mchana.

"Vizuri sana, Mama Haugen," alisema muuguzi. "Sasa tupige soga tu. Leo umeletwa na nani?"

"Na huyu bwana hapa," Arlys alijibu, akimwonyesha Delmar kwa kidevu, kwa heshima. "Ndiye anayetutembeza kwenye nyumba za kuuza. Mvumilivu kweli. Tumemsumbua mno."

Muuguzi hakumtazama Delmar. "Na mumeo yuko wapi?"

"Bado analinganisha." Akacheka kidogo, kicheko kile kile cha maegesho. "Mimi nilimwambia tuje hapa, tukiwa bado tunajijua. Lakini Bwana Daftari lazima aone zote kwanza. Akishaamua atakuja."

Delmar aliinuka nusu kitini, akakumbuka katazo, akaketi tena.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alizungumza na Delmar baadaye kwenye korido, kwa upole, naye alisikia vipande tu. Kwamba anasikitika. Kwamba laiti wangekuja mwaka juzi, pengine hata mwaka jana. Kwamba iko nyumba ya matunzo yenye milango ya kufungwa kule Casa Grande, mwendo wa saa moja, inapokea wagonjwa peke yao, na wenzi wao huruhusiwa kuwatembelea mchana. Delmar aliuliza kama kuna rufaa. Hakuna. Akauliza kama kuna nyingine ya kulinganisha nayo, na alipojisikia akiuliza hivyo, akageuka akaenda kumchukua Arlys.

Walitoka. Jua lilikuwa kali juu ya maegesho yale yale. Delmar alifungua mlango wa mbele wa gari, akalitoa daftari la kijani kitini, akasimama pembeni ampishe mkewe apande.

Arlys alimshukuru, akampita, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Akaketi, akajifunga mkanda, akaiweka kofia yake magotini.

"Panda mbele, Arlys," Delmar alisema. "Tafadhali."

"Hapana, bwana, usijali," alimwambia. "Hapo ni pa mume wangu."